Msimu wa Besiboli na Mechi Aliyoikosa Anselmi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika chuo cha ualimu pale Kigoma, Mkuu wa Chuo hakunionyesha darasa. Alinipeleka stoo, akavuta gunia na kulimwaga sakafuni. Zikatoka glavu tisa za ngozi, mipira michache midogo migumu na kijitabu cha sheria, vitu vilivyoachwa na mzungu mmoja wa kujitolea alipomaliza muda wake.

"Madamu, wewe ndiye mkufunzi wa michezo," alisema. "Kuanzia leo una timu ya besiboli."

Mimi nilikuwa mkimbiaji wa mita mia nne. Besiboli sikuwahi kuiona hata kwenye televisheni. Wiki nzima nilisoma kile kijitabu mpaka nikaelewa kwamba mrushaji hutupa mpira, mpigaji wa timu pinzani huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuvizunguka vituo vinne. Akirudi alikoanzia bila kutolewa, hiyo ni pointi moja. Anayechuchumaa nyuma ya mpigaji ni mdakaji.

Gunia halikuwa na gongo hata moja. Nikaandika barua kuomba kibali cha kuchongesha magongo sita kwa seremala wa Gungu. Mkuu akaniita ofisini.

"Umeandika gongo," alisema bila kucheka. "Barua hii ikifika mkoani, polisi watakuja kutafuta mtambo wa pombe bwenini."

Nikaiandika upya, nikayaita marungu, na chuoni yakaitwa hivyo hadi nilipostaafu. Seremala aliyachonga kwa mninga, mazito mno. Wanachuo wawili wa kwanza walioyajaribu waliteguka mabega.

Mdakaji wetu alikuwa Shabani wa Ujiji, ambaye baba yake alivuka ziwa kutoka Kongo. Mpira ukipasuka, aliushona kwa uzi wa nyavu. Mrushaji alikuwa Anselmi, mtu mpole, mtoto wa Warundi waliokuja zamani wakapewa uraia. Mpira wake ulikuja umenyooka, halafu ukazama ghafla mbele ya mpigaji. Katika mwaka wangu wa tatu tuliwashinda wenzetu wa Kasulu mara mbili. Ikabaki mechi moja na Tabora, hapo hapo Kigoma, siku ya Jumamosi, na atakayeshinda ndiye bingwa.

Wiki hiyo hiyo Warundi walianza kuvuka mpaka kwa wingi, wakikimbia vurugu za kwao. Meli iliwashusha bandarini, wakahifadhiwa kwenye uwanja wa mpira wa mjini wakisubiri mabasi ya kambini. Kuharisha kukazuka. Wauguzi wengi walikuwa wametoka mikoa mingine, hawajui Kirundi wala Kiha, lugha ya Kigoma inayofanana nacho. Tukaombwa wanachuo wa kutafsiri. Anselmi alikwenda Jumatano, na mazoezini hakuonekana tena.

Jumamosi asubuhi Mkuu aliniita. "Afisa Elimu wa Mkoa ni mgeni rasmi. Nenda ukamlete Anselmi."

Nilimkuta kule uwanjani, ndani ya hema la wagonjwa, amepiga magoti kati ya muuguzi na mama mmoja aliyepakata mtoto. Alikuwa akimweleza yule mama kwa Kirundi namna ya kunywesha maji ya chumvi na sukari, kidogo kidogo, kwa kijiko. Nje foleni ilikuwa ndefu.

"Shikamoo, Madamu," alisema. "Najua umefuata nini."

"Marahaba. Ni kwa muda wa saa mbili tu, kisha nakurudisha."

"Mwenzangu wa zamu naye anaumwa tangu jana. Nikiondoka hakuna wa kuwaelewesha hawa. Lakini ukiniamuru, nitakuja."

Nilimtazama yule mama. Macho yake hayakubanduka mdomoni kwa Anselmi.

"Baki," nikamwambia.

Mkuu aliponiona narudi peke yangu alikunja uso. "Yuko wapi?"

"Nimemwacha kazini, Mkuu."

"Basi tukishindwa, utajibu wewe."

Shabani ndiye aliyerusha. Alirusha kwa moyo wote, na watu wa Tabora wakaipiga mipira yake kwa moyo wote pia. Tulishindwa kwa pointi moja. Afisa Elimu alikabidhi kombe, Mkuu akapiga makofi mafupi, na jioni nikapokea barua ya onyo kwa kukaidi agizo.

Jumapili Mkuu alikwenda mwenyewe uwanjani kwa wakimbizi, nadhani kwa nia ya kumkaripia Anselmi. Sikuwepo. Ninachojua ni kwamba Jumatatu alisimama mbele ya chuo kizima akiwa na sauti iliyokauka.

"Jana nilishika ndoo za wagonjwa tangu asubuhi," alisema. "Kila anayejua Kirundi au Kiha aje ofisini tupange zamu, ili Anselmi alale."

Kisha akaniomba ile barua, akaichana mbele yangu. Hakuomba radhi, na mimi sikuhitaji.

Nilifundisha michezo mpaka nilipotimiza miaka sitini. Kombe la besiboli hatukulichukua kamwe. Siku hizi naishi Katubuka, magoti yananiuma asubuhi, na sina kinyongo na mtu. Anselmi ni mwalimu katika shule ya kambini. Mwezi uliopita alinialika nikawe mwamuzi wa wanafunzi wake. Katika duru ya mwisho msichana mmoja alichelewa kidogo sana kufika kituoni. Watu wote walinikodolea macho. Nikamtoa. Anselmi, ambaye timu yake ilishindwa kwa uamuzi huo, alitikisa kichwa akicheka, akaniletea kiti na chai.