Kiazi Kikuu cha Okafor

Nilitoka Maskati kwa ajili ya kiazi kikuu kimoja. Okafor, Mwigbo wa Nigeria niliyefanya naye kazi bandarini Mombasa, sasa alikuwa mpishi wa kambi ya mafuta kule mbele ya mji wa Matrah, na sikukuu yao ya mavuno ilikuwa imefika. Kwao halili mtu kiazi kipya mpaka mkubwa wao akikate, ashukuru, aonje. Mwaka ule kwao kulikuwa na vita. Alitaka walau hapa kikatwe kimoja, nami nikakipata kwa baharia mmoja, nikakiacha jikoni kwetu.

Asubuhi mke wangu Zuwena alinipa kapu limefunikwa kawa. Sikufunua.

Njiani, ndani ya lori la kambi, harufu ya tui ilitanda mpaka dereva akaniuliza harusi ya nani.

Adhuhuri tukafika. Okafor na wenzake wamevaa, kisu kimelazwa kwenye sinia. Akafunua kawa. Ndani chungu, na kiazi vipande vipande, kimeiva, kinaogelea katika tui zito.

"Abdalla," akasema polepole, "sasa mimi nikate nini?"

Nilifedheheka. Lakini nani kwetu aendaye shughulini kwa watu na kiazi kibichi kina udongo? Wenzake wakawa wanameza mate, na hakuna aliyegusa. Hapo nikakumbuka kuwa Zuwena hakitupi kichwa cha kiazi. Nikarudi na lori lile lile.

Nyumbani nikamkuta anamwagilia pipa la mchanga.

"Kichwa nshakifukia," akasema. "Nnataka mbegu."

"Kifukue, bibi. Watu wamekaa na njaa mbele ya chungu chako."

"Basi nnakwenda nacho mwenyewe. Wewe utawapa chote."

Alasiri tukaingia kambini, Zuwena amekificha kichwa kile ndani ya kanga kwa haya. Okafor alikipokea kwa mikono miwili. Akakata kipande chembamba, akakichoma, akashukuru kwa lugha yao, akala. Kisha akavuta chungu cha tui, na hapo sikuona tena adabu kwa mtu yeyote.

Kilichobaki akamrudishia Zuwena. "Kapande, mama. Kwetu mwaka huu hawakupanda."

Tulirudi Maskati jioni, akakifukia pipani kabla hajavua buibui. Nilichojifunza mimi ni kufunua kawa kabla ya kuondoka. Zuwena alijifunza zaidi. Mwaka wa pili kiazi kilipokomaa, nilipeleka kisu, akanipiga mkono.

"Okafor hajafika," akasema.