Mchungwa wa Mama Mkwe Kwenye Pipa Langu

Wenzangu aibu huwakuta njiani, mtu anateleza kwenye tope mbele ya watu, anajifuta, anaendelea na safari, yanaisha. Ya kwangu mimi niliilea mwenyewe miaka minne ndani ya pipa, nikaimwagilia maji, nikaitilia samadi, na kila Juni baridi ya Mbinga ilipoanza kuuma nikaisukuma chini ya upenu isipigwe na umande. Halafu nikaita watu waje kuiona! Kwa hiyo mkitaka kucheka chekeni tu, Skola mke wangu mpaka leo anacheka peke yake akisonga ugali.

Mjue kwanza kwamba mimi ni mtu wa kahawa. Baba yangu alikuwa wa kahawa, babu vilevile, na mtaani kwetu wananiita Bwana Shamba (cheti sina, ila nipe mbuni uliochoka nitakurudishia ukiwa kijana), na sifa hizo ndizo zilizoniponza.

Mama mkwe wangu anakaa Kihagara, kule chini ziwani kwenye joto, na uani kwake kulikuwa na mchungwa alioupanda marehemu mumewe mwaka waliooana. Machungwa ya mti ule jamani! Mgeni alikuwa anakula matatu ndipo anakumbuka kuwa hajasalimia. Sasa mwaka ule ziwa lilipopanda, maji yakaingia mpaka uani, yakakaa, na mti ukaanza kukauka kutoka juu. Mama akaniita pembeni (na mama mkwe kumwita mkwe wake pembeni si jambo dogo, tunaheshimiana sana), akaniambia, "Baba, wewe mimea inakusikia. Mti wa mwenzangu unakufa. Nichukulie hata kijiti ukioteshe huko kwako, nitakuwa nakuja kuuona."

Kichwa kikavimba hapo hapo. Nikamjibu, "Mama, hesabu umeshaula."

Nikakata vikonyo vichache, nikavifunga kwenye kitambaa kibichi, na kutoka Kihagara mpaka Mbamba Bay, na kutoka Mbamba Bay kupanda milima yote ile mpaka Mbinga, nilivipakata kama trei ya mayai. Nikaenda moja kwa moja kwa Bi Tumaini, afisa kilimo wetu, binti mdogo tu lakini kubebesha miti, yaani kuunga kikonyo cha mti mmoja juu ya shina la mwingine, anakujua. Akanisikiliza, akasema, "Baba, kubebesha siyo kazi. Kazi ni kuchagua shina la chini. Kwa baridi yetu hii, na unataka ukae kwenye pipa, chukua huu hapa." Akanionyesha mche mwembamba, mfupi, umejaa miiba, na kila jani limegawanyika mara tatu. "Huu unavumilia baridi, haukui sana, pipa litautosha. Na chipukizi likitoka chini ya kiungo, pale tulipounga, hilo ni la shina, si la mchungwa, na utalijua mara moja kwa sababu ya haya majani matatu."

Nikautazama ule mche, nikaona huruma. Urefu wenyewe shibiri moja! Mimi nilitaka kitu cha kumwonyesha mama mkwe mapema, tena cha kunenepa, na nyuma ya jiko langu kulikuwa na mlimao wa kienyeji uliojiotea wenyewe, unene wa kidole gumba. Nikamwambia, "Tubebeshe kwenye mlimao wangu."

"Baba, mlimao hauipendi baridi. Halafu una nguvu mno, utakusumbua kwenye pipa."

"Nguvu ndiyo naitaka."

Aliniangalia kidogo, akachukua kisu chake, akaja kwangu, mlimao tukauhamishia kwenye pipa, akabebesha. Hapo ndipo nilipokosea, mengine yote yalifuata tu.

Mwaka wa kwanza mambo yalikuwa mazuri. Picha zilikwenda Kihagara kwa simu, mama akawa anawaonyesha watu wakitoka kanisani. Kule kwake mti ukamalizika kufa, shemeji yangu Oswadi akaukata ukawa kuni. Kwa maneno mengine, kilichokuwa kwenye pipa langu ndicho kilichobaki cha mti wa marehemu duniani, na nililijua hilo vizuri, sikuhitaji kuambiwa.

Mwaka wa pili ikaja Julai moja ya ajabu, baridi mtu unaota moto huku umevaa makoti mawili, na mchungwa ukaanza kuwa wa njano, ukapukutisha majani, juu kukabaki vijiti. Lakini chini, karibu kabisa na udongo, likatoka chipukizi moja, nene, la kijani, limenyooka, baada ya muda mfupi likampita mama yake kwa urefu. Sasa muulizeni mtu yeyote wa kahawa. Mbuni ukichoka unaukata kwa msumeno karibu na ardhi, unachagua chipukizi lililonyooka, unalilea, na shamba linakuwa jipya. Nimeifanya kazi hiyo tangu nikiwa na kaptula. Nikaenda kuchukua msumeno.

Skola alikuwa amesimama mlangoni pa jiko. "Si umpigie Bi Tumaini kwanza?"

"Nimpigie nimuulize nini? Namna ya kukata mti?"

Nikakata, mkato wa mshazari maji yasituame, nikaupaka udongo kama inavyotakiwa, na ile sehemu ya juu iliyokauka tukachemshia maharage. (Yaliiva vizuri sana, siwezi kukataa.)

Mwaka wa nne ule mti ukazaa. Matunda tisa! Skola akaanza maswali yake, mbona ganda lina mabonde, nikamwambia baridi hiyo. Mbona lina chuchu, baridi. Na hii miiba mirefu? Inajikinga na mbuzi. Akasema, basi tuonje hata moja. Nikawa mkali kabisa, nikamwambia tunda la kwanza ni la mwenye mti, asiguse mtu.

Na mwenye mti alikuwa anakuja, kwa sababu binti yetu Felista alikuwa anapokea komunyo ya kwanza. Tukafunga turubai, wakaja wanajumuiya, Bi Tumaini tukamwalika, mshereheshaji na maspika yake akawepo, na mama mkwe na shemeji Oswadi wakapanda alfajiri kutoka ziwani. Mnajua kwenye sherehe zetu mtoto huwalisha keki wakubwa. Mimi nikasema keki itasubiri. Nikaomba maiki (mtu kama mimi asipewe maiki, nasema kwa faida ya umma), pipa likasukumwa katikati ya turubai, nikaanza, "Mlisema Mbinga hakuoti mchungwa. Leo mama yangu anakula chungwa la mumewe!"

Vigelegele! Kuna mama mmoja alishaanza kujifuta machozi. Nikalipasua tunda, harufu ikapanda, nikaona mama ananiinulia macho mara moja, akayashusha. Felista akamlisha kipande. Mama akatafuna polepole, mshereheshaji akapunguza muziki. Akameza.

"Tamu," akasema. "Asante, baba."

Ningeishia hapo leo ningekuwa mtu na heshima zangu. Lakini furaha ilinizidi, nikatangaza wageni wote waonje, nikakatakata yale mengine na sahani ikazungushwa. Wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, mama mwenye staha zake, na jicho lake moja likajifunga lenyewe. Aliyefuata akashika shavu. Wa tatu akakohoa mpaka akapigwa mgongoni. Shemeji Oswadi akaja taratibu, akanichukulia maiki mkononi, akasema, "Shemeji, hiki kiungo tumekiona. Sasa samaki yuko wapi?"

Weee! Turubai lilitaka kung'oka kwa kicheko. Nikajitia kipande mdomoni na mimi, uchachu nikausikia mpaka kwenye masikio, na bado (oneni ujinga wangu) nikaipokonya maiki nikasema ni baridi ndiyo iliyolichachusha.

Bi Tumaini akainuka. Akainama kwenye pipa, akafukua udongo kidogo, akalipata kovu la msumeno. "Baba, ulikata hapa?"

"Ndiyo. Kama kahawa."

Akaweka mkono hewani, shibiri nzima juu ya kovu. "Tulibebesha hapa. Ulikata chini ya kiungo. Mchungwa ndio ulioutoa, ulioulea ni mlimao mtupu. Ungekuwa ule wa majani matatu ungeona tofauti, lakini mlimao na mchungwa majani yanakaribiana."

Maiki nilikuwa nimeishika bado na ilikuwa inawaka, kila mtu akasikia. Kicheko kikakatika. Hata Oswadi akatazama chini, maana sasa walielewa ni mti wa nani niliopikia maharage. Nilitamani lile pipa lipasuke niingie. Ni mama mkwe aliyesimama, akajitengeneza khanga, akasema kwa sauti, "Jamani, keki. Mtoto amengoja sana." Muziki ukarudi.

Wageni walipopungua nilimfuata nyuma ya jiko, nikakaa kwenye kigoda mbali kidogo kama ilivyo heshima. Nikamwambia, "Mama, nisamehe."

"Yameisha, baba."

"Ulijua?"

"Nilijua ulipolipasua tu. Mimi nisiijue harufu ya limau?"

"Mbona ukasema tamu?"

"Ulikuwa umesimama mbele za watu. Ningesemaje?" Akawa anavuta uzi kwenye pindo la khanga. Halafu akasema, "Ila nilitamani lingekuwa lenyewe. Tangu asubuhi hata chai sikunywa, nilikuwa nalitunzia nafasi."

Nimeshuka Kihagara mara mbili tangu siku ile, nimepita nyumba kwa nyumba nikiuliza kama kuna mtu aliwahi kuchukua kikonyo kwenye mti ule. Hakuna. Kwa hiyo nimeapa mbele ya Skola, mti usio wa kahawa sitauinulia msumeno mpaka mwenye kuujua awe amesimama pembeni yangu, na shina la chini nitachukua nitakaloambiwa, liwe na miiba, liwe fupi, liwe na sura yoyote. Mtaani Bwana Shamba imekufa, sasa naitwa Bwana Limau, na nimezoea. Mama mkwe hupiga simu kila Jumapili, ananisalimia vizuri, anauliza watoto, anauliza kahawa, mti hautaji. Skola anasema ndiyo ameshasamehe hivyo. Mimi naona angenisema hata mara moja tu, kwa ukali, ningepata usingizi.