Gauni la Mama na Kocha wa Muda

Mtu akikuambia amebadilika, muulize kwanza nguo zako ziko wapi. Nasema hivyo kwa sababu namjua huyu anayejiita Kocha wa Muda, mwenye ukurasa mtandaoni na picha ya koti jeusi, mikono kaikunja kifuani, macho kayatupa mbali kama anayesubiri gari la mshahara. Sisi wa mtaani tulimwita Fundi Kesho.

Alikuwa fundi cherehani, tena fundi hasa, sitamsingizia. Hakuhangaika na futi kama wenzake. Alikutazama, akakuzungusha mara moja, basi, vipimo vyako vimeingia kichwani na havitoki tena. Kazi ilikuwa kuipata hiyo nguo. "Njoo kesho, dada yangu, bado vifungo tu." Ukienda hiyo kesho, vifungo vipo, nguo ndiyo haijakatwa. Kumwambia mtu hapana hakuweza, kwa hiyo alipokea vitambaa vya mtaa mzima kwa tabasamu, na akikuona unakuja kwa mbali anajificha nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Mimi ni dobi. Nguo ya mtu ikilala kwangu, mimi silali. Mtanisamehe nisipomwonea huruma.

Mama yangu alinunua kitambaa cha kijani chenye maua meupe ili avae kwenye harusi ya kaka yangu. Alikichagua mwenyewe, akazunguka maduka mpaka miguu ikavimba. Na kwa kuwa aliamini mafundi hubadilisha vitambaa vya watu, alikitia alama kwenye pembe, nyota ndogo ya uzi mwekundu. Harusi ikaja ikapita, Mama yumo ndani ya gauni lake la siku zote. Kisha akaugua. Maumivu hakuyalalamikia. Kila asubuhi aliuliza jambo moja: "Fundi hajaleta?" Nami namjibu kesho, Mama. Yaani yule bwana alinigeuza hata mimi mwongo, tena kwa mama yangu mzazi. Mama akafa akiuliza.

Nilipopata nguvu za kutoka baada ya msiba, nilikuta kibanda kimefungwa na simu haipatikani. Majirani wakaniambia nguo za madukani zimemmaliza, watu hawashoneshi tena, kaamua kutafuta kazi nyingine. Sawa, kubadili kazi si dhambi. Lakini huyu alijifuta. Ukurasa wake wa zamani, uliojaa picha za magauni na watu chini yake wakiulizia nguo zao, ulitoweka. Ukazaliwa mwingine, safi kama sahani mpya, umeandikwa: "Kocha wa Muda. Uzoefu wa miaka mingi katika kusimamia matarajio ya wateja."

Kusimamia matarajio! Nilicheka kwa hasira mpaka machozi. Nikaandika chini ya ile picha yake: "Fundi, kitambaa cha mama yangu kiko wapi?" Maneno yangu yakafutwa papo hapo, kisha akanizuia nisiuone tena ukurasa wake.

Nikaazima simu ya kaka. Jumamosi nikamkuta mubashara, anahutubia wafuasi wake. "Ahadi ni deni, ndugu zangu," anasema, na sura yake kavu, haina hata aibu. Nyuma yake kulikuwa na pazia la kijani lenye maua meupe. Alipoinama kunywa maji, pembe ya pazia ikaonekana juu ya bega lake, na kwenye pembe palikuwa na nyota ya uzi mwekundu. Nikasikia pia mashine ya kusaga ikinguruma nyuma ya busara zake, na kwetu mashine ya kusaga ni moja tu. Nikaziacha nguo za watu kwenye maji, nikatoka na aproni yangu kiunoni.

Chumba kilichopakana na mashine kilikuwa wazi, mlango umeachwa kwa ajili ya mwanga. Kocha alikuwa amekaa mbele ya simu, juu koti na tai, chini kaptura na ndala.

"Mtu anayechezea muda wako," alikuwa anasema, "mwondoe maishani mwako leo leo."

"Ndiyo nimekuja kumwondoa," nikasema, nikalivuta pazia.

Lilikuja na misumari yake. Nyuma kulikuwa na cherehani, na kando ya cherehani nguo za mtaa mzima zimerundikwa karibu kufika darini, mashati yasiyo na mikono, suruali za mguu mmoja. Simu ilikuwa bado inarusha. Maandishi ya wafuasi yakaanza kupanda kwenye kioo, nami nikamsomea kwa sauti.

"Hiyo sketi ya bluu ni yangu! Fundi Kesho, kumbe ni wewe? Jamani, sare ya mwanangu ile, na mtoto mwenyewe keshamaliza shule!"

Akairukia simu, akailaza kifudifudi.

"Dada yangu, unaniharibia jina."

"Lipi? Maana unayo mawili."

"Watu hubadilika. Yule wa zamani nimeshamzika."

"Na vitambaa vyetu umemzika navyo?"

Alikuwa anakitazama kitambaa mikononi mwangu, na nikaona uso wa kocha unatoka, wa fundi unarudi.

"Hiki ni cha mama," akasema. "Namkumbuka. Kifua kipana, kiuno chembamba, bega la kushoto limeshuka. Nilipanga kumwekea pamba pale begani, watu wasijue. Niachie, dada, nishone bure. Kesho mlete ajaribu."

Bega lile lilishushwa na ndoo za maji alizobeba tangu usichana wake, nami nilikuwa nimeanza kulisahau. Kati ya watu wote duniani, aliyelitunza ni huyu.

"Mama tumemzika," nikamwambia. "Amekufa akikuulizia."

Ujanja wote ukamwisha. "Pole, dada. Sikujua..."

"Sikufuata pole hapa. Keti ushone."

"Kwa vipimo vya nani?"

"Vyake."

"Sasa atalivaa nani?"

"Shona!"

Akavua koti na tai. Mimi nikaegemea mlango, miguu yake isije ikapata akili. Simu ikawa inatetemeka mezani, hakuna aliyeigusa. Sikumpa neno wala maji. Alikata bila chaki, akashona bila kuinua kichwa, bega la kushoto akalitia pamba, na ile nyota nyekundu akaificha ndani ya pindo. Alipokata uzi wa mwisho, mashine ya jirani ilikuwa bado inasaga.

Lilikuwa gauni zuri. Nilitamani liwe baya. Kazi ambayo Mama aliisubiri mpaka pumzi ya mwisho ilimchukua fundi mchana mmoja tu. Nilipoingia pale nilikuwa na hasira naye. Nilipotoka na lile gauni mkononi, nilikuwa namchukia.