Nilisema Hata Mume

Mama yangu alikuwa akinikanya tangu nikiwa binti mwenye mdomo: mzaha mzaha hutumbua usaha. Nilikuwa nikimcheka. Sasa simcheki.

Ilikuwa kama mwaka mmoja kabla ya korona, katika nyumba yangu ya kupanga Vickery Meadow, Dallas. Nilikuwa nafanya usafi kwenye kliniki za meno na macho jioni zikishafungwa, na kampuni iliyonipa kazi ilinipenda kwa sababu nilijua Kiingereza. Walipotaka wanawake zaidi, waliniambia niwatafute na niwasainishe. Nikawakusanya majirani wanne, Warundi waliokulia kambi ya wakimbizi Kigoma, nikawawekea chai na maandazi, nikatoa makaratasi. Jikoni kuku alikuwa anaanza kuungua, nami nilikuwa na haraka.

"Hii ya kwanza inasema ninyi hamjaajiriwa," nikawaambia. "Ni makandarasi. Kila mtu bosi wake mwenyewe."

Wakaipenda hiyo. Mmoja akakunja nne, akaagiza aongezewe chai.

"Na hii ya pili ni ya siri. Mambo ya kazi yabaki kazini. Ukiyatoa, wanaweza kukupeleka kortini."

Kwa kweli karatasi ile, nilikuja kuisoma baadaye, ilihusu majina ya wagonjwa na wateja wa kampuni, basi. Lakini ilikuwa na kurasa nyingi, na sikuwa na moyo wa kuisoma yote. Mama mapacha, jirani yangu wa ghorofa ya chini, ndiye aliyeuliza.

"Dada, hata bwana yangu nisimwambie?"

"Hata mume!" nikamjibu. "Hata padri kwenye kitubio!"

Wenzake wakacheka mpaka chai ikamwagika. Yeye hakucheka. Alikuwa ameishi miaka mingi mahali ambapo neno moja likipishana kwenye mahojiano ya kuletwa Marekani, faili la familia nzima linarudishwa chini ya mengine. Karatasi kwake haikuwa kitu cha kutania. Akasaini polepole, halafu akafanya ishara ya msalaba.

Miezi michache baadaye aliteleza na ndoo kwenye ngazi za kliniki moja. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemwinua, nikamwekea barafu jichoni, nikaona mkono unavimba. Nikampigia msimamizi. Akanikumbusha, kwa upole kabisa, kwamba yule si mfanyakazi wao na hawana bima yake, na kwamba sote tulisaini ile ya siri. Nikampeleka mama mapacha nyumbani, nikamwacha mlangoni. "Mumeo akupeleke hospitali," nikasema, nikarudi kumalizia kupiga deki.

Bosi wake mwenyewe! Mimi ndiye niliyekuwa nikimpangia saa za kuja, kama kampuni ilivyonitumia kwenye simu. Ndoo yao, sabuni yao, hata fulana aliyovaa ilikuwa na nembo yao. Bosi gani huyo anayeomba ruhusa ya kwenda kwenye ubatizo? Niliyajua yote hayo, na nilinyamaza kwa sababu nami nilitaka kuendelea kupewa zamu.

Hospitali walimuuliza kimemsibu nini. Akasema ameanguka. Wapi? Kimya. Ameanguka vipi? Kimya. Mkono umevunjika, jicho limevilia damu, mume amesimama pembeni: wakajijibu wenyewe. Mtu wa ustawi wa jamii akaja nyumbani, akawahoji mapacha, na mume akaambiwa akae kwingine kwanza. Akaenda kwa kaka yake Haltom City. Mtu mpole yule, ambaye akitoka kupanga maboksi ghalani alikuwa akiwafundisha wanawe baiskeli pale tunapoegesha magari.

Habari nilizipata kwenye chumba cha kufulia. "Yule papa mupole vile," Mkongomani mmoja akasema huku akikunja mashuka, "kumbe anapiga bibi yake!"

Nikatia sarafu kwenye mashine, nikasema, "Wanaume hawa." Nilisema hivyo. Mdomo huu huu.

Juma likapita. Jumapili nikasikia kwaya imemwambia yule baba apumzike kuimba. Hapo ndipo niliposhuka chini.

"Kwa nini hukuwaambia ulianguka kazini?"

Mama mapacha akashangaa. "Si dada ulisema hata bwana? Nikaogopa korti, na makaratasi yetu ya ukaazi bado hayajatoka." Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa nimeruhusiwa kusema?"

Alikuwa ananiomba ruhusa mimi. Aibu iliyonishika siku ile haijanitoka. Nikamwambia sema, sema yote, nikafuatana naye.

Mbele ya mtu wa ustawi alisema, mimi nikitafsiri: kliniki, ngazi, ndoo. Akaonyesha na ujumbe wa zamu kwenye simu yake. Mtu yule akaandika, halafu akauliza kama kuna aliyemwona akianguka.

"Anauliza kama kulikuwa na mtu," nikamwambia, macho yangu yako kwenye zulia.

Mama mapacha akajibu, "Mwambie nilikuwa peke yangu."

Nikamtafsiria yule mtu hivyo hivyo.

Yalitosha. Mume alirudi nyumbani, na baada ya muda akarudi kwenye kwaya pia. Ule mkono kampuni haikuugharamia, maana mtu aliye bosi wake mwenyewe hujitibia mwenyewe. Jumamosi moja waligonga mlango wangu wote wawili. Mume alikuwa amebeba mchicha wa bustani yao, lengalenga wanavyouita, umejaa mfuko.

"Asante, dada," akasema. "Bila wewe ningebaki na jina la mpiga mke. Najua ungejua mapema, ungetusaidia mapema."

Nyuma yake mkewe alikuwa amesimama, mkono bado umefungwa plasta. Alinitazama, akanyamaza. Nikapokea mboga, nikawakaribisha chai.