Gari la Mjomba Lilipoanza Kugonga

Harufu ile bado iko puani mwangu. Sijui kama nitaweza kuieleza vizuri, maana shule niliishia darasa la saba na mambo ya injini nayajua kwa kuambiwa tu. Lakini niliyoyaona kwa macho nitayaandika.

Gari lilikuwa la mjomba, mdogo wake mama, anayekaa Murongo. Ni gari dogo la zamani, rangi imebabuka milangoni, boneti inafungwa kwa waya. Nilimpa ng'ombe akanipa gari, na sababu ilikuwa moja tu. Mama ana kidonda mguuni kisichotaka kupona, na kila wiki lazima afike hospitali kusafishwa. Kutoka kwetu Igurwa barabara ni mawe na makorongo, na mguu ule haufai kwa pikipiki. Mjomba aliyajua hayo yote. Siku ya kukabidhiana aliwasha injini akanivuta karibu. "Sikiliza mwenyewe, mwana wa dada. Utadhani haijawaka."

Na kweli lilitubeba majuma kadhaa bila shida. Kisha likaanza kugonga. Mwanzo ilikuwa kwenye vilima tu, ukikanyaga mafuta. Baadaye hata tambarare, ko, ko, ko, kama mtu anatwanga kinuni. Mama akiwa kiti cha nyuma, mguu ameunyoosha, akasema, "Mwanangu, kuna mtu anapiga hodi humo. Mfungulie." Nilicheka, nikaendelea kuendesha. Labda ingefaa nisimame siku hiyo. Sijui.

Nikalipeleka kwa fundi mjini Kayanga. Pale gereji wapo watu ambao hawana gari wala kazi, ila kila mmoja anajua ugonjwa wa gari lako. Mmoja alisema ni vali. Mwingine alisema injini imelegea tu kwenye vikalio vyake. Wa tatu akasema niliuze chuma chakavu. Fundi akawaambia, "Nyamazeni, siwasikii nyie, nasikiliza injini." Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiegemeza kwenye injini, mpini akautia sikioni, kama daktari. Kisha injini ikiwa inaunguruma akaanza kuchomoa nyaya za plagi, mmoja mmoja, akichomoa na kurudisha. Wa kwanza, kugonga kuko palepale. Wa pili, vilevile. Wa tatu, kugonga kukafifia.

"Umesikia? Ni hapa. Beringi ya konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, imeliwa. Imekosa oili."

Nikamwambia oili ipo, kila mara napima kwa kijiti, haijawahi kupungua.

"Basi tuone imejificha wapi."

Akaingia uvunguni akafungua nati ya kumwagia oili. Oili haikutoka. Tulingoja. Kisha likaning'inia bonge jeusi, refu, linanata kama kamasi, likaanguka kwenye beseni, pwa! Harufu ikaja nyuma yake: mafuta mazito ya gia yaliyoungua, na chini yake kitu kitamu kilichochacha, kama mtumbwi wa kukamulia rubisi, pombe yetu ya ndizi, uliosahaulika juani. Akashusha sampu yote, lile bakuli la oili chini ya injini. Chujio la oili lilikuwa limezibwa kabisa na vipande vyeusi vyenye utelezi. Fundi akavuta kimoja, akakifuta kwenye suruali, akakiinua. Kilikuwa na kikonyo.

"Maganda ya ndizi," akasema.

"Mawe! Mama yangu!" akasema yule wa vali.

"Magari ya Karagwe yanakula matoke," akasema wa chuma chakavu, wakacheka wote.

Mimi nilikwenda nyuma ya gari nikatapika. Ndizi ndiyo tunayompa mgeni, ndiyo tunayompa mtoto anapoachishwa ziwa. Na pale ilikuwa imesagwa ndani ya chuma pamoja na uchafu ule.

Fundi akaeleza kuwa wapo wanaotia maganda na mafuta ya gia ili oili iwe nzito, sauti ya kugonga ififie hadi mnunuzi aende zake. Baadaye chujio linaziba, beringi zinakauka, ndipo gari linakufa kweli.

Sikutaka kumsingizia mtu. Nikamwuliza fundi, "Na si wewe? Uliwahi kulishika hili."

"Mimi nililiziba pancha, bosi. Na ndizi nikiipata naila."

Ilikuwa kweli. Na boneti ya waya yeyote angeweza kuifungua. Kwa hiyo nikapanda pikipiki hadi Murongo kumwuliza mwenyewe, nikimwomba Mungu mjomba akane.

Nilimkuta uani ananoa panga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Gari liko wapi?"

"Kwa fundi. Limefunguliwa."

Akacheka. "Wamekuta maganda?"

Sikuwa nimetaja maganda.

"Mjomba, ulijua nalichukua kwa ajili ya mama."

"Ndiyo maana nililinyamazisha! Dada yangu angekubali kupanda kitu kinachopiga kelele vile? Angeogopa. Si lilimfikisha?" Kisha akaniegemea kama anayenipa siri. "Huyo fundi wako anakudanganya. Ongeza mengine tu, yale ya kwanza yameshaoza."

Nilimwangalia usoni nikitafuta aibu, nisije nikamwonea. Sikuiona. Lakini kusema haki, gari lilimfikisha kweli, na ng'ombe niliyempa hakuwa mnene.

Nyumbani mama aliniuliza, "Amesemaje ndugu yangu?" Nilifikiri kupunguza maneno, kisha nikaona si haki kwa yeyote kati yao. Nikamwambia yote kama yalivyosemwa, hata lile la kuogopa. Alivuta kanga akafunika mguu. Baadaye ndipo akasema, "Kesho niitie bodaboda."

Tulikwenda, yeye katikati, mimi nyuma nimeushika mguu wake usigonge. Bandeji ililowa kabla hatujafika nusu ya njia. Muuguzi alipoifungua alikunja uso, akatugombeza wote wawili, akaenda kuchukua maji ya chumvi. Hapo simu ya mama ikaita. Alikuwa mjomba. Mama aliitazama ikiita, akanipa.

"Pokea wewe. Mwambie hivi: dada yako anasafishwa."

Nikapokea. Nikamwamkia, maana ni mjomba wangu, nikamwambia hivyohivyo, nikakata.