Mzee Aliyeniuliza Nimeota Nini

Mke wangu haniamini, na yeye ndiye anayelala ubavuni mwangu. Wewe amini ukipenda. Mimi nilikuwepo, mchana kweupe, na sikuwa nimekunywa ila chai.

Gazeti moja liliniagiza makala kuhusu vivutio vya mtaa wa kale wa Wachina, karibu na Marshalltown, katikati ya jiji hili la dhahabu. Vivutio! Wachina waliofika enzi za machimbo ya dhahabu ndio walioujenga. Wajukuu zao wamehamia mtaa mpya wa Cyrildene, kwenye malango mekundu na bata wa kuokwa madirishani. Huku limebaki duka la sosi, mkahawa, na milango iliyofungwa. Niliumaliza mtaa kwa dakika kumi, nikachoka kana kwamba dhahabu niliichimba mimi.

Kwenye mlango mmoja alikaa mzee wa Kichina, kofia magotini. Akaniuliza kwa Kizulu, kama mtu anayeuliza saa: "Uphupheni?" Umeota nini?

Mchezo niliujua. Mama mkwe wangu, kule Soweto, aliucheza miaka mingi: fafi, kamari ya Wachina, ambamo kila ndoto ina namba yake. Nami msomi nikaona, haya, makala imejiandika.

Nikamwambia ukweli. Mama yangu alizikwa Morogoro nami nimekwama huku nikisubiri kibali cha ukaazi. Karibu kila wiki huja usingizini, anapepeta mchele, ananiita jina la utotoni. Sina pengine pa kumwona.

"Nne," akasema mzee. "Maiti."

Akaandika kikaratasi, akakitia kofiani, akaingia ndani. Hakudai hata senti. Kamari gani haina dau? Hapo ndipo ilipaswa nishtuke.

Nikagonga mlango. Mlinzi wa jengo la jirani, Mkongo wa Bukavu, akacheka.

"Mwalimu, uko nasema na nani?"

"Na mzee aliyeingia humu."

"Humu? Eish, papa! Hii mlango walishachomelea zamani. Angalia."

Nikaangalia. Vyuma juu hadi chini, vimeliwa na kutu.

Tangu siku hiyo nalala kama gogo na kuamka hoi. Sioti chochote. Mama hajaja tena. Nimerudi pale mara sita, nimebeba ndoto za kubuni, niombe tubadilishane, lakini anayenilaki ni mlinzi tu: "Mwalimu, leo tena?"

Makala ilisifiwa sana.

Nenda, kale tambi, kanunue sosi. Lakini mzee mwenye kofia magotini akikuuliza umeota nini, mwambie hukulala. Na kama uliyemwota ni mama yako, usimtaje hata kwangu.