Goti la Asimwe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka huona aibu hata nikiwa peke yangu jikoni. Nimekaa nayo miaka mingi. Leo nakupa wewe kwa sababu nimesikia umekabidhiwa watoto wa sarakasi pale Rwamishenye. Nimefurahi sana. Nimeogopa pia kidogo, usinichukie kwa kusema hivyo.

Nilikuwa mwalimu kijana, sijafika hata miaka ishirini na mitano, nimetoka kwetu Kashozi kwenda kufundisha shule ya msingi upande wa Rubya. Chuoni nilikuwa nimejifunza mazoezi ya viungo, basi nikajiona hakuna mwingine. (Sisi Wahaya kujisifu hatufundishwi, tunazaliwa nako.) Nilivaa suruali ya mazoezi, mimi mwanamke, mbele ya wazee wa kanisa, wakaguna, nami nikazidi kutembea katikati ya barabara. Haukupita mwaka, watoto wangu walikuwa wanapiga msamba, wanapinduka kinyumenyume, na wanapandiana mabegani kujenga mnara wa ngazi tatu.

Juu kabisa ya mnara huo alisimama Asimwe, binti wa miaka kumi na mmoja, mwembamba na mwepesi, aliyelelewa na bibi yake baada ya mama kufariki. Akifika juu alinyoosha mikono, akatulia mpaka watu wakanyamaza, kisha akaruka na kutua kwa miguu yote miwili kwenye nyasi kavu tulizotandaza uwanjani. Nyasi zenyewe zilikuwa chache. Nilijua ni chache.

Tulialikwa kwenye sherehe ya wilaya, Muleba mjini, ambako shule zingeshindania kombe. Siku saba kabla ya sherehe, Asimwe alitua vibaya, goti likapinda kwa ndani. Nilimwendea wenzake wote wakitazama, nikamuuliza, "Umeumia?" Akainuka haraka, akajipangusa, akasema, "Hapana, mwalimu." Nikampigia makofi. Nikawaambia wengine, "Mnaona? Mvumilivu hula mbivu." Kisha nikampandisha tena.

Wakati ule methali ndizo zilikuwa fimbo yangu, mwanangu. Mtoto akilia ninapomkandamiza afike chini kwenye msamba, namwambia samaki mkunje angali mbichi. Hakuna aliyenikumbusha kwamba samaki anayekunjwa huwa ameshakufa.

Zilipobaki siku nne, nikaenda kwa bibi yake kuomba ruhusa ya kusafiri na mtoto. Bibi yule alikuwa mpole, macho yameanza kufifia. Alinikaribisha kwenye nyumba iliyo katikati ya kibanja, migomba pande zote, nyasi laini zimetandazwa sakafuni, akaniwekea kahawa za kutafuna. Asimwe akaingia kunisalimia, akapiga magoti kama wasichana wetu wanavyofanya mbele ya mkubwa.

"Shumalamu, mwalimu."

Shuleni, kama ujuavyo, watoto huamkia wamesimama. Kwa hiyo mimi niliyekuwa naye kila siku sikuwa nimemwona akipiga magoti tangu aanguke.

"Toka nje," bibi akamwambia. "Uingie tena, umsalimie mwalimu upya."

Nilidhani anamkaripia kwa kukosa heshima. Nikamtetea, nikasema kwa heshima ya kumwita mama, "Mae waitu, mbona ameshanisalimia vizuri?" Mtoto akatoka, akaingia, akapiga magoti tena.

"Umeona nini, mwalimu?"

"Nimeona mtoto mwenye adabu, mae."

"Mimi nina mtoto wa jicho macho yote mawili," akasema. "Lakini nimeona mtoto aliyetanguliza mkono chini, goti la kulia likafuata mwisho, na pumzi ameibana mpaka alipoinuka."

Akamvuta mjukuu wake karibu, akapandisha gauni. Goti lilikuwa limefungwa kipande cha kanga. Alipokifungua niliona limevimba hadi mfupa hauonekani. "Aliniambia amejikwaa kwenye kisiki kibanjani," bibi akasema. "Siku tatu namkanda. Leo umekuja kuniomba akaruke, ndipo nimekijua kisiki chenyewe."

Sasa nikuungamie jambo ambalo sijamwambia padri. Wakati ule nikilitazama goti la mtoto, nilikuwa nahesabu siku. Nikafungua mdomo wangu, nikasema, "Tukimfunga bandeji vizuri, mae, labda siku nne..."

Hakupandisha sauti. Alisema kwa Kihaya, nami nakuwekea kwa Kiswahili kwa kuwa Kihaya chako nakijua kilivyo cha kubabaisha.

"Ulimuuliza kama ameumia?"

"Nilimuuliza. Akasema hapana."

"Ulimuuliza wewe umesimama, yeye yuko chini, wenzake wanamtazama. Ulitaka akujibu nini? Huyu tumemfundisha sisi asimkatalie mkubwa. Tulikupa mtoto mtiifu ili umlinde. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu wangu amesikia la mkuu kila siku, na guu lake hilo hapo."

Asimwe ndipo akaanza kulia, mtoto ambaye sikuwa nimewahi kumwona akilia. Nikadhani ni maumivu. Akanitazama akauliza, "Mwalimu, sasa utamweka nani juu?"

Moyo wangu ulivunjika, mwanangu. Mtoto alikuwa ameficha goti lile kwa sababu aliamini kwamba akishuka kutoka juu ya mnara, sitampenda tena. Na mimi ndiye niliyemfundisha kuamini hivyo, kwa makofi yangu. Nilimkumbatia pale pale sakafuni, nikalia naye.

Kesho yake nilimpakia kwenye baiskeli, nikamsukuma mpaka hospitali. Daktari alisema kano ya goti imechanika kidogo, na kwamba angeruka tena huenda ingekatika kabisa, asitembee sawasawa maisha yake yote. Muleba tulikwenda na mnara wa ngazi mbili. Watu walipiga makofi ya adabu, kombe likachukuliwa na wengine, na mwalimu mkuu alininunia muhula mzima.

Tangu hapo nikabadili utaratibu. Kila jioni kabla ya mazoezi nilichuchumaa pembeni na mtoto mmoja mmoja, macho kwa macho, nikamuuliza, "Mwili wako umeamkaje leo?" Wiki baada ya wiki walinijibu vilevile, "Mzima, mwalimu." Hofu iliyojengwa kwa mwaka haiondoki kwa siku moja. Asimwe aliporudi, miezi ilikuwa imepita, anatembea vizuri, anakimbia. Siku moja nikamuuliza kama wengine. Akainama, akachuma majani, akayakatakata vidoleni.

"Mwalimu, leo hapana. Linaniuma kidogo."

Midomo ilimtetemeka kama anayengoja kiboko. Nikamwambia, "Asante, mwanangu." Nikamtafutia kivuli akae, nikaendelea na wenzake.

Kesho yake watoto wanne walinifuata. Mmoja kifundo cha mkono, mmoja kisigino, wawili mgongo. Yule wa kisigino alikuwa anaumwa tangu siku za mnara, na kila siku alikuwa ananiambia mzima.

Basi nisikilize. Mtoto wa kwetu akisema "hapana, sijaumia", usimwamini haraka. Mtazame anavyoshuka ngazi, anavyoinama kufunga kiatu. Muulize faraghani, lakini pasiwe mahali palipofungwa mlango, na mzazi akitaka kukaa akatazama mazoezi, mpe kiti. Ukitaka kumshika kiuno ili apinduke, mwambie kwanza, na akikataa, usimshike. Usiuseme mwili wake, eti amenenepa, eti hafai juu. Neno hilo hulala naye kitanda kimoja. Magodoro yakiwa machache, mazoezi yawe madogo. Naona siku hizi mnawarekodi kwa simu na kuwarusha mitandaoni. Sawa, lakini mtoto asirudie mruko kwa ajili ya simu wakati miguu imeshachoka. Na zaidi ya yote, yule wa chini kabisa aliyebeba wenzake mabegani, mpigie makofi yaleyale unayompigia wa juu. Mficha maradhi kilio humfichua, wanasema wahenga, ila mwalimu mwema hangoji kilio.

Utakosea. Mimi nilikosea nikiwa na cheti mkononi. Ukikosea, mwombe mtoto msamaha, hutapungua kitu.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako inayowadaka. Akupe subira siku wanapokuchosha, na akupe ujasiri wa kurudi bila kombe. Watoto uliopewa wazima, uwarudishe kwa mama zao wazima.